Timu imepunguziwa mzigo wa kadi nyekundu. Je, mchezaji ameubeba?

Mtoa hoja

Naomba tujadili adhabu ya kufungiwa katika raga ya kulipwa, hasa kwa kosa la kumkaba mpinzani kwa juu na kumgonga kichwani, kwa sababu ina hesabu ambayo watazamaji hawaelezwi waziwazi. Kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, zinataka mchezo mchafu uliogusa kichwa upimwe kuanzia angalau daraja la kati, na kwa ukabaji wa hatari daraja hilo ni mechi 6. Hadi hapo adhabu inatisha. Lakini mchezaji akikiri kosa, akaonyesha majuto na rekodi yake ikawa safi, kamati ya nidhamu inaweza kumpunguzia hadi nusu, zikabaki 3. Kisha akikubali kuhudhuria mafunzo maalumu ya ukabaji, mechi ya mwisho inafutwa, zikabaki 2. Tom Curry wa Uingereza, aliyetolewa mapema mno dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia la 2023, alipita njia hiyo ya 6, 3, 2. Sam Cane wa New Zealand, aliyepewa kadi nyekundu katika fainali ya mashindano hayohayo, aliishia palepale, na Garry Ringrose wa Ireland akafuata Februari 2025. Mifano mitatu si takwimu, nakubali. Hata hivyo, ikiwa mchezaji yeyote mwenye rekodi nzuri anaweza kutabiri 2 kabla hajaingia chumba cha kamati, basi tutangaze kwamba adhabu ni 2, na ile 6 tuwaachie wanaopenda kutishia watoto.

Jambo la pili ni mechi zipi zinahesabiwa. Januari 2023 Owen Farrell wa Uingereza alifungiwa mechi 4, zikashuka hadi 3 kwa mafunzo hayohayo, na moja kati ya hizo ilikuwa mechi ya klabu iliyochezwa wakati timu ya taifa tayari inajiandaa kwa Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya timu za taifa za Ulaya, yaani mechi ambayo pengine asingeicheza hata bila kufungiwa. Matokeo yake ni kwamba alikuwa huru kucheza mechi ya kwanza dhidi ya Scotland. Ringrose naye alikosa mechi moja ya Leinster, klabu yake, na moja ya Ireland dhidi ya Ufaransa, akarudi kucheza na Italia. Sisemi kamati zilikiuka kanuni. Kanuni zenyewe ndizo zilizofungua mlango.

Haya yote yangevumilika kama si kadi nyekundu ya dakika 20, iliyoanza kujaribiwa katika Super Rugby, mashindano ya klabu za kusini mwa dunia, mwaka 2020 na kuingia Mataifa Sita mwaka 2025. Chini ya utaratibu huo mkosaji harudi uwanjani, lakini baada ya dakika 20 timu yake inaruhusiwa kuingiza mwingine, isipokuwa kosa likiwa la makusudi na la hatari kubwa. Walioutetea walisema kwamba si haki timu nzima na watazamaji kuadhibiwa kwa sekunde moja ya mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ashughulikiwe baadaye na vyombo vya nidhamu. Vema. Kama mzigo umetolewa kwa timu ukapelekwa kwa mtu, basi mtu aubebe kweli. Napendekeza mafunzo yawe ya lazima kwa kila mkosaji bila kumpunguzia chochote, na mechi zihesabiwe za ngazi ileile ambayo kosa lilitendeka.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, hesabu yako ni sahihi ila pendekezo lako la mwisho litaumiza usiowakusudia. Mfikirie Johan Deysel, nahodha wa Namibia, ambaye Septemba 2023 aligongana kichwa na Antoine Dupont, nahodha wa Ufaransa, na kumvunja mfupa wa shavu. Namibia ilikuwa imebakiwa na mechi moja tu katika mashindano, dhidi ya Uruguay, na baada ya hapo hakukuwa na mechi kubwa ya taifa kwa miezi mingi. Kwa kanuni yako angekaa nje muda mrefu kuliko mchezaji wa Uingereza au Ufaransa aliyetenda kosa lilelile, kwa sababu tu nchi yake haina ratiba nono. Kuhesabu mechi za klabu ndiko kunakowaokoa wachezaji wa mataifa madogo.

Kuhusu punguzo, kumbuka lilipo kusudi lake. Ukimnyima mkosaji faida ya kukiri, kila shauri litakuwa la mawakili na picha za mwendo wa polepole, na aliyeumizwa hataombwa radhi kamwe. Isitoshe, tusiongee kana kwamba timu haikuwahi kuumia. Mwaka 2011, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Sam Warburton alitolewa kabla ya dakika ya 20 kwa kumnyanyua Vincent Clerc na kumwangusha vibaya. Wales ikacheza muda uliobaki na watu 14, ikafungwa 9 kwa 8 na Ufaransa. Yeye mwenyewe alifungiwa wiki 3. Ni nani anayeikumbuka adhabu ya wiki 3? Kilichowafundisha watu kutonyanyua na kuangusha ni ile saa moja ya watu 14. Kwa hiyo mimi, tofauti na wewe, nisingehangaika kuongeza mechi za kufungiwa. Ningerudisha kadi nyekundu kamili, kama Ireland na Ufaransa zilivyotaka zilipoupinga mpango huu.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnazungumzia ukubwa wa adhabu, wakati tatizo linalowachosha wachezaji ni kutotabirika. Agosti 2023 Farrell huyohuyo alimkaba Taine Basham wa Wales. Uwanjani ilitoka kadi ya njano, ofisa anayepitia picha akaipandisha kuwa nyekundu, kamati huru ikaifuta, World Rugby ikakata rufaa, na kamati ya rufaa ikamfungia mechi 4. Picha ni zilezile, majibu yakawa manne ndani ya siku kumi hivi. Mchezaji atajifunza nini hapo, zaidi ya kutafuta mtetezi hodari?

Niongeze jambo ambalo halijatajwa. Steve Thompson, aliyeshinda Kombe la Dunia la 2003 akiwa na Uingereza, alisema hadharani mwaka 2020 kwamba hakumbuki ushindi ule, baada ya kugundulika ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa bado kijana wa miaka arobaini na kitu. Tunapojadiliana kama ni mechi 2 au 3, tumfikirie pia anayegongwa.

Mtoa hoja

Nimesoma. Mfano wa Deysel umenishinda, na ninaliondoa pendekezo la kuhesabu mechi za ngazi moja. Badala yake ningetaka kamati ithibitishe kwa maandishi, kwa kila mechi inayohesabiwa, kwamba mchezaji angepangwa kuicheza, na kocha wake awajibike akidanganya. Kwa Deysel hilo halina madhara; kwa Farrell wa Januari 2023 lingebadilisha mambo.

Kuhusu kurudisha kadi nyekundu kamili, sipingi, lakini sidhani wenye mashindano watarudi nyuma, na ndiyo maana nimejikita kwenye kufungiwa.

Ila katika punguzo la mafunzo sitetereki. Kukiri kosa kunaweza kupewa thamani yake, maana kunaokoa muda na kunamheshimu aliyeumizwa. Kujifunza kukaba kwa usalama ni sehemu ya kazi anayolipwa mchezaji, kwa hiyo sioni kwa nini alipwe tena kwa mechi moja. Farrell alifungiwa mechi 5 mwaka 2020 kwa kukaba juu, akafungiwa tena Januari 2023 na kupunguziwa kwa ajili ya mafunzo, na miezi saba baadaye alisimama mbele ya kamati kwa kosa la aina hiyohiyo. Safari hiyo mechi 6 zilishuka hadi 4, na hakufutiwa ile ya mwisho kwa kuwa mafunzo alikuwa ameshayatumia. Mtu mmoja hathibitishi kwamba mafunzo hayafai. Ningependa tu mchangiaji wa kwanza anieleze ile mechi moja aliyosamehewa Januari ilinunua nini.