Hokitika ya miaka ya 1860: wachimbaji waliishije kati ya msitu na bahari?

Msomaji wa Usiku:
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma habari za dhahabu iliyowavuta maelfu ya watu kwenda Westland, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, kuanzia mwaka 1864. Linalonitatiza ni mji wa Hokitika, ambao ulijengwa kwenye mdomo wa mto uliojulikana kwa kuvunja meli, ilhali Christchurch, mji uliokuwa umekwisha kuimarika, ulikuwa upande wa pili wa milima. Kwa nini watu hawakupitia huko, na mchimbaji wa kawaida alipataje chakula?

Nahodha Mstaafu:
Ndugu Msomaji, jibu liko kwenye hiyo milima. Kabla barabara ya Arthur's Pass haijafunguliwa mwaka 1866, aliyetoka Christchurch alivuka kwa miguu au kwa farasi, tena kupitia mito isiyo na madaraja, kwa hiyo wengi walikuja kwa meli kutoka Otago, jimbo la kusini mwa kisiwa hichohicho, ambako dhahabu ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1861, na kutoka Melbourne. Mdomoni mwa mto Hokitika palikuwa na fungu la mchanga lililohama kila mto ulipofurika, na mlango uliopitika jana ungeweza kuwa umeziba leo. Hata hivyo unga, nyama ya chumvi, chai na makoleo vyote vilipitia hapo. Bahari ilipochafuka kwa siku kadhaa, aliyeumia ni mchimbaji aliyekuwa ndani msituni akisubiri mzigo uletwe migongoni mwa farasi. Mjini kwenyewe vileo havikukosekana: kufikia mwaka 1867 Hokitika ilikuwa na hoteli karibu 100, nyingi zikiwa ni vilabu vya pombe vilivyobanana Mtaa wa Revell.

Mwana wa Machimbo:
Nakubaliana na Nahodha, ila nisingetenganisha sana machimbo na pwani. Sehemu ya dhahabu hiyo ilikuwa punje laini ndani ya mchanga mweusi wa ufukweni, na nyingine ilifukiwa katika fukwe za kale ambazo leo ziko mbali na mawimbi. Kwa hiyo kuna waliochekecha mchanga huku wakilowa maji ya bahari, na kuna waliochimba ufukwe uleule chini ya mizizi ya msitu. (Huku kwetu kukimbilia dhahabu mpya kwa namna hiyo tunaita rashi.) Mvua ya huko hukaribia mita 3 kwa mwaka, nao walikaa kwenye mahema. Mito iliwaua wengi kiasi kwamba kufa maji kuliitwa kifo cha Nyuzilandi.

Bi. Mkunga wa Maneno:
Wanangu, mmewasahau wenyeji. Wamaori wa Poutini Ngāi Tahu walikuwa wakiishi katika pwani hiyo na kuchukua jiwe la kijani, pounamu, katika mto Arahura, kaskazini kidogo ya Hokitika, vizazi vingi kabla ya hema la kwanza la mchimbaji. Mwaka 1860 serikali ilinunua karibu pwani yote ya magharibi kwa pauni 300, wenyeji wakibakiziwa maeneo machache. Miaka 4 baadaye dhahabu ikaanza kutoka katika ardhi hiyohiyo.

Msomaji wa Usiku:
Nashukuru, Bi. Mkunga. Hizo pauni 300 sikuwa nimezisoma popote, na sasa nitaanza kuisoma habari hii upya kuanzia Arahura.