Viazi lishe vikifanywa michembe, vitamini A inabaki?

Mama wa Sengerema
Habari zenu, wakulima wenzangu. Msimu uliopita nilipanda viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, aina ya Kabode, baada ya kuelezwa kliniki kwamba vinampatia mtoto vitamini A. Mavuno yalikuwa mazuri, lakini mama mkwe, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya chakula hapa nyumbani, alivikata vipande karibu vyote na kuvianika juu ya mwamba kuwa michembe ya kiangazi. Sasa vimekaa ghalani miezi minne na vimepauka, huwezi kuvitofautisha na viazi vyeupe. Je, bado vina faida kwa mtoto?

Bwana Shamba Mstaafu
Rangi ya chungwa unayoiona ndiyo betakarotini yenyewe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo kipande kilichopauka kimeshapoteza sehemu kubwa ya kile ulichokipandia. Wengi hulilaumu jua, na kweli ni afadhali kuanika kivulini, ila hasara kubwa zaidi hutokea ghalani, hewa inapoendelea kuila betakarotini mwezi baada ya mwezi. Michembe hiyo ni chakula cha kushibisha, basi. Mtoto mdogo mpe kiazi ambacho hakijakaushwa, kilichochemshwa: gramu 125 hivi, yaani kiazi kimoja kidogo, hutosheleza mahitaji yake ya vitamini A kwa siku. Kiponde pamoja na karanga, kwa kuwa vitamini hii haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. (Kabode, kwa wasiojua, ilizalishwa Uganda, na mtafiti wake, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.)

Mkulima wa Misungwi
Shikamoo, Bwana Shamba. Naongeza kwamba wakwe zetu wana hoja: viazi hivi vina maji kuliko vile vya unga walivyovizoea, na kiangazi ni kirefu. Ila ili nisikose mbegu, mimi huchagua viazi vizima visivyo na jeraha wala fukusi (wadudu watoboao viazi), nikavipanga katika beseni la mchanga mkavu ndani ya nyumba. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua navifukia kitaluni na kuvimwagilia, vinachipua, nami napata marando yangu (mashina ya kupandia) bila kununua.

Mama wa Sengerema
Asanteni kwa ushauri, na shikamoo Bwana Shamba. Mama mkwe amesoma majibu haya pamoja nami. Amekubali nusu ya mavuno yajayo ichemshwe na kuliwa bila kukaushwa; nusu nyingine, amesema, ni michembe yake.