Mkopo wa maji ya Coolgardie: serikali ilikopa kwa busara au ilicheza kamari na pesa za wananchi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila tukizungumzia maji kwenye maeneo ya migodi tunaishia palepale: mgodi ulipe au serikali ikope? Safari hii naleta mradi ambao umeshafanya kazi zaidi ya miaka 120, ule wa Coolgardie, Australia Magharibi, tubishane tukiwa na mfano mkononi.

Kwa wasioujua: dhahabu iligunduliwa Coolgardie 1892, na mwaka uliofuata Kalgoorlie, kama kilomita 40 kutoka hapo. Koloni lenyewe lilikuwa limepewa serikali yake ya ndani 1890 tu, na lote zima halikufikisha watu elfu hamsini. Ghafla watu wakamiminika kwenye nchi isiyo na mto. Ukichimba kisima, unapata maji ya chumvi. Basi ikawa biashara: maji ya chumvi yanachemshwa kwenye matangi ya chuma, mvuke unapitishwa kwenye mabomba marefu ya bati upoe, unadondoka tone kwa tone, halafu unauziwa kwa galoni. Msitu unaisha kwa kuni. Kuoga ni anasa, na homa ya matumbo inazika vijana kila wiki.

Julai 1896 waziri mkuu John Forrest akapeleka bungeni muswada wa kukopa pauni milioni 2.5, pesa inayokaribia matumizi ya serikali nzima kwa mwaka. Mhandisi mkuu, C. Y. O'Connor, alitaka kujenga bwawa kwenye mto Helena pale Mundaring, karibu na Perth, kisha maji yasukumwe na vituo 8 vya pampu za mvuke kwenye bomba la kilomita 530 hivi, galoni milioni 5 kwa siku. Kwa hesabu yake, yakiuzwa shilingi 3 na peni 6 kwa galoni 1,000, yangelipia uendeshaji, riba, na mfuko wa kurejesha deni.

Msimamo wangu: Forrest alikuwa sahihi kukopa kwa jina la serikali. Pesa zilitafutwa London, na mkopeshaji wa London hakuikopesha dhahabu, alilikopesha koloni, na koloni lina ushuru wa forodha hata mgodi ukifungwa kesho. Kampuni ingejenga bomba la kudumu umri wa mgodi, basi. Karibuni.

Kikokotoo

Mleta mada umeandika kishabiki. Umeacha mwaka mmoja muhimu: 1903. Maji yalifunguliwa rasmi Coolgardie na Kalgoorlie tarehe 24 Januari 1903, na mwaka huohuo ndio uzalishaji wa dhahabu wa Australia Magharibi ulifika kileleni kabla ya kuanza kushuka. Yaani bomba limefika, mzigo unaondoka. Mji wa Coolgardie wenyewe ulinyauka, watu wakahama. Mauzo ya maji miaka ya mwanzo yalikuwa chini sana ya uwezo wa bomba.

Kilichouokoa mradi ni mashamba ya ngano ya njiani, ambayo siyo hoja iliyonadiwa bungeni 1896. Mtu akipata namba ya bahati nasibu hatumwiti mtaalamu wa hesabu.

Mleta mada

Kikokotoo, hapo kwenye ngano umenisaidia. Kwa nini mashamba yaliweza kuunganishwa? Kwa sababu bomba lilikuwa la umma. Serikali ilipoona wakulima wanafuata reli kwenda mashariki, ikatoa matawi kwenye miji na mashamba. Bomba la kampuni ya madini huwezi kulitoboa njiani ukamgawia mkulima, maana kila galoni ina mwenyewe. Leo hii maji ya Mundaring bado yanafika Kalgoorlie, na kati yake kuna miji na mifugo inayoyategemea.

Kikokotoo

Ingeweza kutokea, ikatokea. Lakini fundi viatu wa Perth aliyebebeshwa riba hakuambiwa "tunakopa kwa ajili ya wakulima watakaokuja". Aliambiwa dhahabu italipa. Ukitaka kukopa kwa ajili ya kilimo, sema kilimo.

Bi Mswahili

Mimi nina swali kwa wote wawili. Hao watu "wasiofikisha elfu hamsini" ni akina nani? Sensa za wakati ule hazikuwahesabu wenyeji, Waaborijini. Ile nchi mnayosema haina maji, wao walikuwa wanaishi humo. Walijua mashimo kwenye miamba yanayotunza maji ya mvua, mengine yamefunikwa kwa jiwe ili jua na wanyama wasiyamalize, na walikuwa wanahama kwa kufuata ratiba ya maji hayo. Walipokuja wachimbaji na farasi na ngamia, shimo lililotosha familia kwa msimu likakauka kwa siku moja. Kuna wavumbuzi wa Kizungu waliowakamata wenyeji na kuwanyima maji makusudi ili kiu iwalazimishe kuwaonyesha visima. Wenyewe waliandika, hawakuona aibu.

Hilo deni liko ukurasa gani wa hesabu za Forrest?

Mleta mada

Dada, halipo, na hakuna aliyelitia kwenye mizani bungeni. Sitalipamba.

Fundi Bomba

Naongeza ya kiufundi, kwa sababu watu wanadhani ukishapata pesa mradi umekwisha.

Mkopo uliidhinishwa 1896, lakini kazi ilianza kweli 1898, maana soko la London lilikuwa limepoa kwa hisa za migodi ya Australia Magharibi na kukopa kukawa kugumu. Miaka miwili watu wanaendelea kununua maji ya kuchemsha. Hilo ndilo tatizo la kutafuta mtaji wa maji kwa sifa ya dhahabu: bei ya hisa ikitetereka, ndoo ya mama haijai.

Mabomba yalikuwa ya aina mpya, ya Mephan Ferguson: mabati mawili ya chuma yaliyokunjwa nusu duara, yakabanwa kwa fito mbili ndefu bila ribiti (zile pini za kugongea mabati). Kipenyo inchi 30. Ukiondoa ribiti unaondoa maelfu ya sehemu za kuvujia, na ndani maji yanateleza vizuri, pampu haisumbuki. Hapo O'Connor alikuwa na akili. Maungio kati ya bomba na bomba ndiyo yalikuwa shida, yalizibwa kwa madini ya risasi, na zabuni ya mashine ya kuziba ndiyo iliyozua kelele za rushwa. Magazeti yakamwandama O'Connor. Tarehe 10 Machi 1902 akapanda farasi asubuhi, akaenda ufukweni kusini mwa Fremantle, akajipiga risasi. Aliacha barua akisema mradi uko sawa na angeweza kuumaliza kama angepewa nafasi. Tume ya uchunguzi haikumkuta na hatia ya rushwa. Miezi kumi baadaye maji yakafika.

Jingine lisilosemwa: ili bwawa lijae haraka, serikali iliagiza miti ya bonde la Mundaring ichunwe gome ikauke, isinywe maji. Miti ilipokufa, chumvi ya ardhini ikaingia kwenye maji, ikabidi warudi kupanda miti. Na miaka ya 1930 sehemu kubwa ya bomba ilitolewa mtaroni ikawekwa juu ya ardhi kwa sababu ya kutu na kuvuja. Hayo yote ni pesa nje ya ile milioni 2.5.

Kikokotoo

Asante Fundi. Mleta mada asome hapo mara mbili.

Mwana Chunya

Wakuu, mnazunguka Australia wakati Lupa ipo. Huku Chunya miaka ya 1930 wachimbaji walijaa, weupe na weusi, dhahabu ya Lupa ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa ya nje ya Tanganyika. Kuna aliyekopa London kutuletea bomba? Hakuna. Wachimbaji wakapepeta mchanga mkavu kwa upepo kwa kukosa maji ya kuoshea, dhahabu ikapungua, wakaondoka, na wilaya ikabaki na mashimo. Australia Magharibi walikuwa na bunge lao na wapiga kura wao pale mgodini. Sisi tulikuwa na gavana.

Leo Chunya iko kwenye mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, dola milioni 500 kwa miji yote. Geita nayo imo, na Geita ziwa liko hapo jirani na ina dhahabu tangu enzi za Mwingereza. Sasa nijibuni: mkopo huo analipa nani? Maana ushuru wa huduma ambao halmashauri inapata kwa migodi hauzidi asilimia 0.3 ya mapato yao, na mlipakodi wa Lindi anachangia riba ya bomba la Chunya.

Mleta mada

Mwana Chunya, mlipakodi wa Lindi achangie, na wa Chunya achangie bomba la Lindi zamu ikifika. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na serikali. Ila mgodi ununue maji kwa bei inayolipa riba, siyo kwa bei ya mama wa nyumbani. O'Connor aliweka bei kabla ya kuchimba mtaro. Huku kwetu bei inatafutwa baada ya uzinduzi.

Bi Mswahili

Na wachimbaji wadogo wanaoosha mchanga watawekwa bei ya nani, ya mgodi au ya nyumbani? Msiniambie "tutaangalia".

Kikokotoo

Swali la Bi Mswahili lijibiwe kwanza. Halafu mwenye mkataba wa mkopo aweke hapa riba, miaka ya kulipa, na bei ya uniti iliyokubaliwa. Bila hizo namba tatu mimi sichangii tena.