Wakuu, simu za kukunja zina faida kweli au ni urembo tu?

mkadiriaji_mbagala:
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri maana moyo unataka na akili inasita. Mimi nafanya makadirio ya ujenzi, kutwa nashinda na PDF za michoro na Excel za BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi na gharama zake), na nusu ya kazi naifanya nikiwa kwenye daladala au nimesimama saiti nabishana na fundi habari ya nondo. Laptop huwezi kuitoa kwenye gari la Mbagala saa moja asubuhi, na kwenye simu ya kawaida mchoro unauvuta unauvuta mpaka hujui tena uko chumba gani cha nyumba. Sasa kuna jamaa Kariakoo ana Samsung Galaxy Z Fold4 iliyotumika, ile inayofunguka kama kitabu, imetoka Dubai, anataka milioni 1.3. Nimeishika, nimeifungua, nikaweka mchoro wa floo nzima nikasoma vipimo bila kuvuta kitu, aisee nilitamani niondoke nayo palepale. Lakini kwa hela hiyohiyo napata simu mpya kabisa ya kawaida yenye waranti. Hizi simu zinadumu? Ule mkunjo wa katikati hauleti shida mbele ya safari? Na kwa mtu wa saiti inafaa? Nataka waliotumia na mafundi, sio za kusikia.

chalii_wa_ngarenaro:
Mkuu mimi natumia ya kukunja mwaka wa pili sasa na sirudi kwenye simu ya kawaida. Watu wengi wanaoziogopa wamebaki na habari za 2019. Ile Galaxy Fold ya kwanza ilitangazwa Februari 2019 kwa dola 1,980, mwezi wa nne wakapewa waandishi wa teknolojia waijaribu, vioo vikaanza kufa mikononi mwao ndani ya siku chache. Wengine walibandua ile plastiki ya juu wakidhani ni protekta kumbe ni sehemu ya skrini yenyewe, wengine uchafu uliingia kwenye bawaba. Samsung wakasimamisha mauzo, wakairekebisha, ikatoka tena Septemba. Baada ya hapo mambo yakabadilika, 2020 Z Flip, ile ndogo inayokunjwa juu chini, ikaja na kioo halisi chembamba badala ya plastiki tupu, 2021 Fold3 na Flip3 zikawa zinahimili maji, na Fold7 ya 2025 ukiifungua ina unene wa milimita 4.2 tu na uzito gramu 215, yani nyepesi kuliko simu nyingi kubwa za kawaida. Hiyo Fold4 ni gramu 263, utaisikia mfukoni.

Mkunjo upo, nisikudanganye. Ukiinamisha simu kwenye mwanga unauona na kidole kinausikia. Lakini ukiwa unasoma kitu mbele yako huuoni, mimi siku hizi nakumbushwa na watu wanaoniuliza. Faida kubwa kwa kazi yako ni kugawa skrini, mchoro kushoto Excel kulia, unasoma kipimo unakijaza hapohapo bila kurukaruka kati ya apu. Ila kama kuna mtu anataka kununua kwa ajili ya muvi huyo nitamkataza, skrini ya ndani inakaribia mraba, video inaacha mistari mipana mieusi juu na chini, inakuwa kubwa kidogo tu kuliko kwenye simu kubwa ya kawaida. PDF, Excel, ramani, vitabu, hapo ndio utaona hela yako imeenda wapi.

fundi_wa_vioo:
Habari ndugu. Mimi ni fundi, nafungua simu kila siku, naomba nikueleze jinsi hii kitu ilivyo ndani halafu uamue mwenyewe.

Skrini ya ndani ni matabaka. Juu kabisa kuna plastiki ya kiwandani, chini yake kioo chembamba sana, kwenye Z Flip ya kwanza walitangaza maikromita 30, yani milimita 0.03, ndio maana kinakunjika. Kioo chembamba hivyo kinapinda vizuri lakini hakipendi kitu chenye ncha. Kwenye simu ya kawaida ukidondosha ikapasuka kioo cha juu, sisi mafundi tunaweza kukitenganisha tukaweka kingine na disiplei ikabaki ileile, unalipa hela kidogo unaondoka. Kwenye hii ya kukunja hilo halipo. Ikiharibika skrini ya ndani inang'olewa yote, mara nyingi inakuja pamoja na fremu na bawaba, na bei yake kwa simu ya mtumba inaweza kukaribia bei uliyonunulia simu nzima. Kwahiyo unapopiga hesabu ya milioni 1.3 usiishie hapo, jiulize skrini ikifa mwakani unayo nyingine kama hiyo?

Sasa vumbi. Kwenye Fold4 wameandika IPX8. Ile 8 ni ya maji, meta 1.5 kwa dakika 30 kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi. Ile X maana yake kwa upande wa vumbi hakuna kiwango kilichothibitishwa. Fold6 ikaja na IP48, hiyo 4 inazuia vitu kuanzia milimita moja kwenda juu, na saruji wewe mwenyewe unajua chembe yake ikoje. Ndani ya bawaba kuna vinyweleo kama brashi vya kuzuia uchafu, vinasaidia, lakini vumbi la saiti ni kila siku. Halafu kuna jambo watu hawaliangalii, Fold4 ukiifunga haifungi ikalala bapa, upande wa bawaba inabaki nafasi. Shika simu iliyofungwa uelekeze kwenye dirisha utaona mwanga unapita. Chembe moja ya mchanga ikiingia pale, ukaiweka mfuko wa suruali ukakaa kwenye daladala mmebanana, ile chembe inakandamizwa na pande mbili za skrini. Nimeletewa simu haijawahi kuanguka hata siku moja, ina kidoa kimoja kidogo karibu na mkunjo na kuanzia hapo nusu ya skrini nyeusi. Kuanzia Fold5 ya 2023 walibadilisha bawaba, inafunga bapa.

Kuhusu kudumu, Fold ya kwanza walisema imepimwa mara 200,000, ukifungua mara 100 kwa siku ni miaka mitano na zaidi. Sipingi hiyo hesabu. Ila mashine ya kiwandani inakunja taratibu, pasafi, nguvu ileile kila mara, haina mchanga mfukoni wala mtoto anayefungua kwa kidole kimoja upande wa kona.

mama_vitenge_tanga:
Jamani naona mmeongelea Fold tu, mimi natumia Flip, ile inayokunjwa ikawa ndogo kama pochi ya poda. Mimi ni muuzaji wa vitenge na madera mtandaoni, nipo peke yangu sina wa kunipiga picha. Naikunja nusu naisimamisha juu ya meza au kwenye ngazi, haihitaji stendi, kamera zile kubwa za nje zinanitazama na kile kioo kidogo cha nje kinanionyesha nimekaaje, nanyoosha kiganja inahesabu inapiga. Kitenge kinaonekana rangi yake kamili, sio kama nilipokuwa natumia kamera ya selfi wateja wanalalamika rangi siyo. Kwangu mimi hii simu imejilipa. Ya kwangu ina kioo cha nje cha inchi 3.4, meseji nyingi nazijibu hapohapo bila kuifungua.

Ubaya wake ni chaji, siku ya mauzo mengi lazima nitembee na pawabanki. Na mchanga wa ufukweni siipeleki kabisa, nikienda Raskazone inabaki kwenye kipochi chenye zipu. Kaka yangu mkadiriaji, wewe na saiti yako fikiria hilo sana.

kamau_wa_ngara:
Mkubwa salamu kutoka Nairobi. Mimi nauliza swali moja, mbona usichukue kishikwambi cha inchi 8 na ubaki na simu uliyo nayo? Utatumia pesa kidogo sana, mchoro utaonekana vizuri kuliko hata kwenye Fold, na kikianguka saiti kioo chake kinabadilishwa na fundi yeyote. Watu wanataka kifaa kimoja kifanye kila kitu na hapo ndipo bei inaruka.

Na kama lazima iwe ya kukunja basi usiangalie Samsung peke yake. Tecno walileta Phantom V Fold 2023, skrini ya ndani inchi 7.85, na ya nje ina upana wa simu ya kawaida, unaandika vizuri, tofauti na Fold4 ambayo kwa nje ni nyembamba kama rimoti. Betri yake ni mAh 5000 na ya Fold4 ni mAh 4400, kwa kazi ya kushinda nje hiyo tofauti utaisikia. Toleo la pili la 2024 lilitangazwa kwa dola 1,099, bado ni pesa nyingi, lakini Carlcare, wale wa matengenezo ya simu za Tecno, wapo huku kwetu na kwenu pia, angalau unajua mlango wa kugonga.

mswahili_maskati:
Assalaam alaykum. Niko Oman mwaka wa saba, Dubai naenda mara kwa mara kwa biashara. Nikuambie hizo simu zinavyofika huko. Watu hapa Ghuba wanabadilisha simu kila toleo jipya, ile ya zamani wanairudisha dukani kama sehemu ya malipo, zinakusanywa, zinauzwa kwa mafungu Deira hapo Dubai, wafanyabiashara wetu wanachukua. Kwahiyo kuna nzima kabisa ambazo mtu alikuwa anakaa nazo ofisini kwenye kiyoyozi, na kuna zilizofunguliwa zikabadilishwa vitu. Kwa nje zote zinang'aa. Iliyofunguliwa usiiamini tena kwa maji, zile gundi na mipira ya kuzuia maji hazirudi kama za kiwandani.

Na angalia umri wa programu. Fold4 ilitoka Agosti 2022 kwa ahadi ya matoleo manne ya Android na miaka mitano ya apdeti za usalama, yani Android mpya imeishia 16 na usalama unafika 2027. Wewe unaweka M-Pesa na benki kwenye hiyo simu, usilichukulie poa. Fold6 kwenda mbele ni miaka saba.

mkadiriaji_mbagala:
Wakuu nawashukuru sana, sikutegemea maelezo ya aina hii. Kishikwambi nilishawahi kukifikiria ndugu yangu Kamau, tatizo ni daladala, ukitoa kitu kikubwa dirishani pale Rangi Tatu hufiki nacho. Simu naifunga inaingia mfukoni watu hawajui nina nini. Ila hiyo habari ya Fold4 kubaki wazi imenitisha, nimeikumbuka kabisa ile nafasi. Nimeanza kuelekea Fold5, nakusanya kwanza miezi kadhaa. Fundi, nikienda kuikagua niangalie nini? Na jamaa wa dukani alisema hata plastiki ya ndani ikiwa imechoka atanibandikia mpya bure, nimkubalie?

fundi_wa_vioo:
Fold5 kwako ni afadhali, ila vumbi bado halijathibitishwa hata hiyo, kwahiyo saiti ifungue ukiwa mbali na mchanganyiko wa zege, na mfuko unaoweka simu usiweke funguo wala sarafu.

Ukifika dukani piga *#06# ulinganishe IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi. Halafu piga *#0*#, itakuja menyu ya majaribio, weka nyekundu, kijani, buluu moja moja skrini nzima, tafuta mstari au kidoa hasa kwenye mkunjo, kisha jaribio la kugusa upitishe kidole kila mraba ukae sana pale katikati. Ifungue nusu uiache mezani, isimame yenyewe, ikianguka bawaba imelegea. Ifungue na kuifunga karibu na sikio, ukisikia mkwaruzo kama mchanga iache hapohapo. Toka nayo nje kwenye jua uinamishe uangalie kama plastiki imeanza kuinuka kwenye mkunjo na kuacha mapovu ya hewa.

Na hapana, usimkubalie abandue. Kuinuka ile plastiki baada ya muda ni kawaida ya simu hizi na inabadilishwa, ila inabanduliwa taratibu kwa vifaa vyake na mtu anayezijua, akivuta kwa kucha pale kaunta kile kioo cha chini kinapasuka mbele yako na atakwambia ilikuwa hivyo. Ikiwa imeinuka mwambie akupunguzie bei, ukaibadilishe mwenyewe service center.