Tupeane uzoefu: umewahi kukopa ili uweke kwenye mfuko wa gawio? Ilikuwaje?

Mtumishi wa Mtumba

Wadau, poleni na majukumu.

Hapa Mji wa Serikali kila ofisi ninayoingia siku hizi nakuta hoja ile ile. Chukua mkopo wa mshahara, peleka wote UTT AMIS, kampuni ya umma inayosimamia mifuko ya uwekezaji, kwenye Mfuko wa Hatifungani, gawio la kila mwezi lisaidie kulipa rejesho, miaka mitano ikiisha mtaji unabaki wako. Vijana wanaoajiriwa leo wanalisikia hilo kabla hata hawajapata slipu ya kwanza, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Naomba waliofanya waseme, na wataje namba.

Naanza na hesabu niliyopiga mwenyewe. Mkopo wa milioni 10, miaka mitano, riba asilimia 16 kwa salio linalopungua (inapigwa juu ya deni lililobaki tu): rejesho ni kama 243,000 kwa mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 14.6. Upande wa mfuko tuchukulie asilimia 12 kwa mwaka, ingawa hakuna anayekuahidi kiwango hicho. Hiyo ni laki moja kwa mwezi, kwa hiyo 143,000 zinatoka mfukoni mwako kila mwezi. Gawio halilipi rejesho, linalipunguza tu.

Sasa tuseme huligusi gawio, unaliacha likue. Baada ya miaka mitano milioni 10 inakuwa kama 18.2. Lakini ungeacha kukopa, ile 243,000 ukaiweka kwenye mfuko huo huo kila mwezi, ungefika karibu milioni 19.8. Mshahara ule ule, mfuko ule ule, muda ule ule, na asiyekopa amemzidi aliyekopa kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Hapo sijagusa ada ya mkopo wala bima.

Karibuni.

Mwalimu wa Kongwa

Kaka, mimi nilifanya. Nilikopa milioni 10 na nusu ili nikishakatwa ada na bima nibaki na 10 kamili, maana mpango wa gawio la kila mwezi unaanzia hapo. Ukitaka gawio la kila miezi sita ni milioni 5, na wa kukuza mtaji unaanza na 50,000 tu. Hilo la elfu hamsini nililijua baadaye.

Gawio liliingia bila kusumbua, laki moja kasoro kidogo. Makato yakawa laki mbili na nusu na ushee. Nilivumilia vizuri hadi mwanangu wa kwanza alipochaguliwa kidato cha tano mkoa wa mbali, na mwezi huo huo mzee wangu akalazwa. Kukopa tena nisingeweza, ile theluthi moja ya mshahara inayotakiwa kubaki baada ya makato nilikuwa nimeshaifikia. Nikauza vipande, yaani sehemu yangu ya mfuko, vya milioni 4. Hela ilikuja ndani ya siku chache za kazi, sina lawama kwa mfuko. Ila mwezi uliofuata gawio lilishuka, na kwenye slipu makato yalikuwa yale yale, hayakupungua hata senti. Nakaa nalipa riba ya vipande ambavyo sinavyo tena.

Mhasibu Singida

Pole sana mwalimu. Niongeze jambo moja, maana nashughulika na vitabu vya SACCOS na naliona kila wiki. Watu wanauliza "riba asilimia ngapi?" wanaishia hapo. Uliza inapigwa juu ya nini. Ukiambiwa asilimia 10 kwa mwaka juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho, milioni 10 kwa miaka mitano ina riba ya milioni 5, rejesho ni 250,000. Linganisha na ile 16 ya salio linalopungua aliyoweka mleta mada: 243,000. Kumi imekuwa ghali kuliko kumi na sita! Mtu anasaini akiamini yuko chini ya asilimia 12 za mfuko, kumbe yuko juu sana.

SACCOS nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba, na zipo zinazotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Hapo unakaribiana na mfuko, lakini kukaribiana si faida.

Nkuhungu Juu

Kwangu ililipa, niseme ukweli. Nafanya kazi kwenye taasisi ya fedha, mkopo wa wafanyakazi riba yake iko chini ya asilimia 9. Nikaweka mfukoni, tofauti naiona. Lakini wasomaji wajue: mkataba unasema nikiacha kazi riba inapanda kuwa ya mteja wa kawaida. Asiye na mkopo wa namna hii asinifuate.

Kibaigwa Sokoni

Sisi wa mahindi hatuwezi kukopa kwa 16 tukaweka kwa 12. Tunakopa tunanunua wakati wa mavuno bei ikishuka, tunauza njaa ikianza, mkopo umefungwa. Msimu ukikaa vibaya bei inagoma na gunia liko ghalani, hilo tumeliona pia. Kwa hiyo siwashawishi. Nasema tu mkopo unataka kitu kinachozidi riba yake.

Mwalimu wa Kongwa

Nyote mna hoja, ila kuna kitu hesabu haikioni. Ile 243,000 kwa mwezi nisingeiweka. Najijua. Ikifika mkononi ina wenyewe: michango, harusi, ndugu. Makato yanakatwa kabla sijaiona, ndiyo maana leo nina milioni 6 zangu. Kabla ya hapo sikuwa na kitu.

Mtumishi wa Mtumba

Dada, hiyo ndiyo hoja pekee ya kukopa iliyonigusa, na nadhani wengi wanakopa kwa sababu hiyo bila kuitamka. Jaribu hivi: nenda benki unakopitishia mshahara, jaza fomu ya agizo la kudumu, wakate siku ile ile mshahara unapoingia na wapeleke kwenye akaunti yako ya mfuko. Nayo hutaiona. Tofauti ni kwamba akiumwa mzee unaweza kusimamisha, wakati makato ya mkopo hayana huruma hiyo.

Mwalimu wa Kongwa

Kwamba naweza kusimamisha ndiko kunakonitia hofu kaka. Lakini nimekuelewa. Mkopo ukiisha nitaanza na laki moja, fomu nitaijaza siku hiyo hiyo.

Mama Mstaafu, Kondoa

Mwanangu mwalimu, ukianza usiguse gawio. Mimi niliweka sehemu ya mkupuo wangu wa kustaafu, sikukopa, na gawio ndilo linalonunua maji na dawa. Unapokuwa bado na mshahara liache lirudi ndani.

Mtumishi wa Mtumba

Shikamoo mama, ahsante. Bado hatujamsikia aliyekopa akanunua hatifungani yenyewe ya Serikali kwenye mnada, yaani kuikopesha Serikali moja kwa moja. Kule anaanzia milioni 1 na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Kama yupo Dodoma au Manyoni aje atuambie rejesho la kila mwezi alilipa kwa fedha gani katika hiyo miezi sita ya kusubiri.