Turubai la boti: moja la barabarani na la uani, au mawili?

Mvuvi_wa_Garuga
Salaam wakuu. Nina boti ya faiba ya futi 19, ina kioo kidogo cha mbele na injini ya nguvu farasi 60. Inalala juu ya trela uani kwangu Garuga, Uganda, haina paa. Kila mwezi au miezi miwili naivuta, mara nyingi Jinja, mara mojamoja Butiaba kufuata sangara wa Ziwa Albert.

Mpaka wiki jana nilikuwa naifunika kwa lile turubai la plastiki la bluu linalouzwa kila duka la vifaa. Limeniaibisha katikati ya msitu wa Mabira, njia ya Jinja. Kwanza nilisikia tatata kama mtu anapiga debe. Halafu taksi ikanipita, abiria wote wamegeuza shingo. Kutazama kioo, nusu ya turubai inapepea juu kama bendera na nusu imejisokota kwenye vyuma vya trela. Nilisimama Najjembe kukusanya mabaki, wauza kuku wakacheka mpaka wakasahau kuniuzia.

Sasa nimetembea Kampala siku mbili na nimepewa njia tatu:
1. Turubai la lori, lile zito la PVC, nikatiwe kwa kipimo.
2. La poliesta, denia 600, lililoshonwa tayari. Linaagizwa kupitia Dubai, limeandikwa linafaa boti za futi 17 hadi 19.
3. Kitambaa cha akriliki, kile wanachotumia kwenye vivuli vya hoteli. Hiki ndicho ghali kuliko vyote, kwa mbali.

Wauzaji wote watatu wameniapia kwamba la kwao linafaa barabarani na uani pia. Nani anasema kweli?

Nahodha_Mstaafu
Hakuna, kijana wangu. Lakini kama ni lazima uchague moja, chukua la lori. Mimi nimezaliwa Lamu nimezeekea Bugembe, na sijaona kitambaa kinachovumilia kama hicho. Malori yanakwenda nalo Mombasa mpaka Kigali na kurudi, wewe unaogopa Jinja? Maji hayapiti, na likitoboka fundi wa viatu analiziba kwa gundi na kiraka.

MamaNgege
Mzee wangu Nahodha, shikamoo. Kwa barabara nakubali. Kwa kuhifadhi, hapana kabisa, na nitasema kwa nini.

Nina boti tatu Masese za kukodisha. Msimu mmoja wa mvua za Aprili nilifunga moja kwa turubai la lori, nikalikaza pande zote mpaka chini, nikajisifu. Wiki mbili baadaye nafungua, harufu ikanirudisha nyuma. Makoti ya kuokolea yamekuwa kijani. Viti vina madoa meusi ambayo hayajatoka hadi leo. Na hakuna hata tone la mvua lililoingia! Maji yalikuwa ya humohumo ndani: kapeti niliiacha na unyevu, mchana jua linaupandisha kama mvuke, usiku turubai linapoa, mvuke unageuka matone na kudondoka tena. PVC haipumui. Unapika boti yako kama matooke kwenye majani ya ndizi.

Kosa la pili, mwaka uliofuata, nikaliacha limelegea ili hewa ipite. Likabonyea katikati. Hesabu hii nimeijifunza kwa uchungu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bonde la mita nne za mraba, mvua ya milimita 60 ya usiku mmoja wa Ziwa Nyanza, ni lita 240, yaani kilo 240. Ni kama watu wanne wamelala juu ya turubai lako. Vyuma vya kivuli vilipinda, na kioo kikapasuka kona.

Nahodha_Mstaafu
Marahaba mama. Ungeliwekea matundu ya hewa.

MamaNgege
Niliweka baadaye. Nyigu wakajenga.

Kaloli_wa_PortBell
Jamani mmesahau njia ya nne ya sisi maskini: bango la matangazo lililokwisha kazi. Ukiuliza vizuri kwa watu wa mabango utalipata kwa bei ya soda mbili tatu. Boti yangu imetangaza sabuni mwaka mzima. Uani linafaa kabisa, hasa kwa sababu wale ndege wenye jina langu, kaloli, korongo wakubwa wa jalalani, wakikaa juu ya mti, unajua kinachofuata, na kile kinyesi chao kikikauka kwenye rangi ya boti unakwangua na rangi yenyewe. Ila barabarani usithubutu. Lina uzi mwembamba ndani, likichanika sentimita moja litachanika mita tano.

FundiTurubai
Nimeshona matenti na vifuniko vya lori kwa miaka mingi, na boti kadhaa, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Msianze na kitambaa. Anzeni na kinacholiua turubai. Barabarani linauawa na kupepea na kusuguana. Uani linauawa na jua na maji yaliyotuama. Ni vifo viwili tofauti, ndiyo maana kitambaa kimoja hakishindi vyote.

Jua letu mnalidharau. Tuko kwenye ikweta, na Ziwa Nyanza liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Lile turubai la bluu halikuchanwa na upepo wa Mabira peke yake, lilikuwa limeshaoka uani. Likunjeni kwa kidole, likitoa unga na kukatika, limeshakufa siku nyingi.

Akriliki ya kweli inatiwa rangi kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo rangi imeingia mpaka kiini, kama kiazi lishe. Poliesta nyingi za bei nafuu zimepakwa rangi juu tu kama biringanya: kwangua kidogo unaona nyeupe. Akriliki inakaa juani miaka na inapumua, mama hapo juu asingepata ule uyoga. Lakini haipendi kusuguliwa. Ukiipitisha kwenye kona ya kioo kilomita 80 za Kampala hadi Jinja bila kuiwekea ngozi au kiraka kinene, itafika na tundu. Poliesta ni kinyume chake: ngumu kwa kusuguliwa, dhaifu zaidi juani. Hiyo denia 600 maana yake ni kwamba uzi wa mita 9,000 una uzito wa gramu 600, basi. Haikuambii lolote kuhusu jua wala kuhusu mshono.

Uzito nao si mdogo. Boti yako itahitaji kama mita 20 za mraba. La lori lina gramu 650 hadi 900 kwa mita, kwa hiyo ni kilo 13 hadi 18, na uko peke yako saa kumi na moja alfajiri. La akriliki ya boti lina kama gramu 300, kilo sita hivi.

Sasa lile la Dubai la "futi 17 hadi 19". Hilo ni gunia. Lolote linalotosha boti za ukubwa tofauti litalegea kwenye boti yako mahali fulani, na hapo palipolegea ndipo upepo unapoingia mkono. Ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, mwendo umezidi mara mbili lakini nguvu ya upepo imezidi mara nne. Kwa hiyo la kuvutia lazima likatwe juu ya boti yenyewe, libane kama soksi, na pale mbele, kwenye omo, liwe na tabaka mbili.

Na mwulize fundi wako anatumia uzi gani. Uzi wa pamba unaoza kabla kitambaa hakijachoka. Mara nyingi naletewa turubai zima lisilo na kasoro isipokuwa limegawanyika vipande kwenye mishono.

Dereva_wa_Hoima
Fundi umesema kweli lakini mimi nauliza swali la kijinga: kwa nini mnafunika mnapovuta? Mimi nimevuta boti za watu njia za Bunyoro miaka mingi, nazivuta wazi. Natoa viti, makoti, boksi la barafu, kila kinachoweza kuruka. Natoa kizibo cha nyuma, mvua ikinyesha maji yanatoka yenyewe. Kwenye barabara ya vumbi turubai ni msasa: vumbi jekundu linaingia chini yake, linatikiswa kilomita mia, ukifunua rangi imefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Nimeona boti iliyofunikwa ikifika imechubuka kuliko niliyoileta wazi.

Mvuvi_wa_Garuga
Hili sikulitegemea. Lakini nikisimama Masindi kula, vitu vya ndani nani atavilinda?

Dereva_wa_Hoima
Weka ndani ya gari. Turubai halijawahi kumzuia mwizi, linamficha tu.

Kaloli_wa_PortBell
Kizibo nacho usisahau kukirudisha. Mimi nilikumbuka nikiwa majini hadi kiunoni, nakitafuta mfukoni.

FundiTurubai
Dereva ana haki upande wa vumbi. Kwa lami funika, kwa vumbi refu acha wazi, au osha boti kwanza na ukaze sana. Ukifunika, usitumie vile vipande vya tyubu vya bodaboda kukazia. Vinavutika, upepo unapata nafasi, turubai linaanza kucheza. Uani ndipo vinapofaa, kwa sababu vinakubali turubai linapojaa na kusinyaa. Barabarani tumia mikanda bapa, ipite chini ya tumbo la boti au ifike kwenye fremu ya trela, isiwe na ndoano za chuma zinazogonga boti. Ncha zinazoning'inia zifunge fundo, zisije zikaingia kwenye gurudumu. Kisha simama baada ya kilomita tano au kumi ukaze tena. Kitambaa kipya siku zote kinalegea mwanzoni. Kona za kioo zifunge blanketi kuukuu.

MamaNgege
Mimi nitakuambia nilivyomaliza, Mvuvi. Nilipiga hesabu ya akriliki kwa boti tatu nikacheka. Nikanunua nguzo za kalitunsi (mkaratusi) na mabati, nikajenga banda lisilo na kuta. Tangu hapo boti zinalala wazi, hewa inapita, omo imeinuliwa kidogo, kizibo kimetolewa, injini imesimama wima ili maji yatoke. Juu natupia shuka jepesi la pamba kwa ajili ya kinyesi cha popo na wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi. Banda haliendi nawe Butiaba, lakini turubai la barabarani halikai tena juani, kwa hiyo linadumu.

Na kabla ya kufunika chochote, kausha. Halafu chungulia trela yote kama kuna magugu maji. Usiyahamishe ziwa moja hadi lingine kwa turubai lako.

Nahodha_Mstaafu
Kama hana nafasi ya banda?

FundiTurubai
Basi akriliki ya uani, iwe na mgongo. Chukua mabomba ya plastiki ya maji, yapinde kama mbavu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, pitisha moja refu juu katikati, maji yateremke pande zote. Ncha za mabomba zivalishe vipande vya sapatu kuukuu zisitoboe. Chini acha kiganja kimoja cha nafasi, hewa ipite. La barabarani liwe lingine.

Mvuvi_wa_Garuga
Nafasi ya banda ninayo, na mabati kumi yamelala nyuma ya jiko tangu tulipojenga. Kwa hiyo: banda kwanza, kisha la poliesta lililokatwa kwa kipimo kwa ajili ya lami tu, na kwenye vumbi refu nitavuta wazi. Akriliki naiachia hoteli. Fundi, nikuletee vipimo? Nimeshapima urefu, upana na kimo cha kioo.

FundiTurubai
Vipimo vya karatasi nimeacha kuvipokea. Niletee boti, na uje nayo ikiwa kavu.