Kwateti ya saksofoni na okestra nzima, nisikilize nini?

Mpuliza Teno:
Habari zenu wakuu. Nina tiketi ya konsati ya okestra, muziki wote ni wa watunzi wa sasa hivi, na walioalikwa kukaa mbele ni kwateti ya saksofoni, yani soprano, alto, teno na baritoni. Mimi napuliza teno kwenye bendi, jazi naielewa, ila okestra laivu sijawahi kukaa nayo na huo muziki naambiwa hauna hata kiitikio cha kushika. Sasa saksofoni nne mbele ya vayolini zote zile si zitamezwa? Na mtu unasikiliza nini hasa usije ukatoka kapa?

Noti Nyeusi:
Mkuu hapo mara nyingi inakuwa kinyume, wanaomezwa ni vayolini. Saksofoni ni shaba na bomba lake linazidi kupanuka toka mdomoni mpaka chini kwa hiyo sauti inatoka kubwa, lakini kinachotikisika ni ridi, kile kibapa chembamba cha mdomoni, kama kwenye klarineti, ndo maana inaweza kujichanganya na klarineti usiione kabisa halafu dakika hiyohiyo ikawaka pamoja na matarumbeta. Wewe uliyezoea bendi kitakachokushangaza ni jinsi wanavyopuliza kwa chini, noti inaanza hata hujui imeanza saa ngapi. Tega sikio pale baritoni inaposhika noti nzito pamoja na kontrabesi, lile fidla kubwa la sauti nzito, kuna muda huwezi kujua ni upinde au ni pumzi, hapo ndo utamu wenyewe ulipo na mimi hapo huwa nywele zinanisimama.
Wimbo wa kutoka nao unaimba njiani usiutafute. Sikiliza sauti zenyewe: ulimi unapigwa kwenye ridi inatoka "tok", funguo zinagongwa bila kupuliza, noti mbili tatu zinagombana ndani ya pumzi moja. Ukisikia hivyo usidhani mtu kakosea, mtunzi ndo kaandika hivyo.

klarineti_ya_pili:
Kwenye programu kuna kazi gani? Kama kuna konsato (kazi ya wapigaji wa mbele na okestra) ya mtunzi Philip Glass ya 1995 una bahati sana, aliiandikia Rascher Saxophone Quartet na ipo ya namna mbili, ya wale wanne peke yao na ya wanne na okestra. Isikilize kwanza ile ya wanne hata mara kadhaa, ukifika ukumbini utasikia wazi okestra imeongeza nini na imeziba nini. Na haitishi, vipande vinajirudiarudia huku vinabadilika taratibu, inashikika. Ya William Bolcom ya 2000, Concerto Grosso, aliyowaandikia PRISM Quartet, nayo wewe mtu wa jazi hutapotea.

Sauti ya Nne:
Mi hilo la kusikiliza kwanza sikubaliani nalo. Kwenye rekodi fundi mitambo kashakuwekea saksofoni juu na nyuzi chini anavyotaka yeye, unaenda ukumbini na sikio lililokwisha kuamuliwa. Nenda hivyohivyo. Mwangalie mpuliza soprano, kwenye kwateti mara nyingi ndo anayewaongoza wenzake, anavuta pumzi na kuinua kidogo ala yake wote wanaingia pamoja, ila hapa wanatakiwa wamfuate na mwongoza okestra aliye pembeni yao, na kuwaunganisha hao wawili ni kazi ngumu kuliko noti zenyewe.

Mpuliza Teno:
Asanteni sana wakuu, Glass yupo kwenye programu! Lingine: kwanini saksofoni haina kiti chake cha kudumu kwenye okestra, na kwanini kwateti zikialikwa ni muziki mpya tu?

Noti Nyeusi:
Maswali yako mawili jibu lake moja. Adolphe Sax aliyebuni saksofoni alipata hataza yake Paris mwaka 1846, wakati huo okestra ilishajipanga na Mozart na Beethoven walishafariki, kwa hiyo kazi zao hazina saksofoni. Ikawa inaitwa pale mtunzi anapotaka rangi fulani tu, Bizet 1872, Ravel kwenye Boléro 1928. Kwateti ndo kabisa, ile ya Glazunov ya 1932 inahesabiwa kati ya kazi kongwe muhimu, na hiyo haina okestra. Sasa wapigaji wakitaka kusimama mbele ya okestra wanakula nini? Inabidi wawafuate watunzi walio hai wawaandikie, na Rascher toka 1969 wameishi hivyo, hata mtunzi Xenakis aliwaandikia kazi yake XAS mwaka 1987. Kwa hiyo huo muziki mpya ndo nyumbani kwao mkuu, hawajaazima kwa mtu, wameupigania wenyewe.
Kiti kama bado unachagua usikae mbele kabisa, utasikia saksofoni tupu. Kaa katikati ya ukumbi au juu kidogo.